Simba Wawili na Ngazi za Nyuma

Nyumba yangu imepakana na ya dada yangu kwa upande wa nyuma, kwa hiyo shemeji yangu mimi namjua kwa mgongo. Mtaa mzima unamjua kwa mbele, na kwa mbele, haki ya Mungu, anapendeza. Ila mimi ni mshonaji. Nguo ikiletwa kwangu kurekebishwa, kitu cha kwanza naigeuza nione mishono. Shemeji huyu nilimgeuza siku ile ile ya kwanza, na nilichokiona sijakisahau mpaka leo.

Alikuja kwetu kujitambulisha, amevaa koti. Jua kali, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Baba akamwambia, "Kijana, vua koti, hapa ni nyumbani." Akakataa. Akaambiwa tena, akasema yeye huwa anasikia baridi. Baridi! Wakati huo ndio kwanza najifunza cherehani, nina macho ya udadisi, nikapita nyuma yake na sinia la maji nikachungulia kwenye kola. Shati halikuwa na mgongo. Lilikuwa kola, kifua na vifungo, limefungwa kwa kamba kiunoni kama aproni. Nikamvuta dada jikoni nikamwambia. Dada akacheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi, akasema, "Mwache, masikini, anajitahidi." Yeye aliona juhudi, mimi niliona mgongo mtupu, na aliyeolewa naye ni yeye.

Mtaani wanamwita Mkurugenzi. Hajawahi kuwa mkurugenzi wa kitu chochote. Alikuwa mtunza stoo kwenye kampuni ya vigae na masinki, meza yake imewekwa karibu na mlango wa mkurugenzi mwenyewe, na bosi akitoka, simu ikilia, shemeji anaipokea kwa sauti ya tumboni: "Ofisi ya mkurugenzi." Hakudanganya, simu ilikuwa ya ofisi hiyo kweli. Jina likamganda, naye hakulibandua. Hata stoo aliipanga kwa ajili ya mtu anayechungulia mlangoni. Maboksi yote yalitazama mbele, nembo zimenyooka, ungesema yanapigwa picha. Ukitaka kigae kilicho nyuma, urudi kesho.

Alipostaafu akamaliza nyumba. "Kumaliza" ni neno lake, si langu. Mbele kuna plasta laini, rangi ya maziwa, nguzo mbili zisizobeba kitu, nyasi anazokata kwa mkasi, mti wa mapambo wenye majani kama feni, na getini simba wawili wa saruji. Simba wa kulia ametoka vizuri. Wa kushoto nadhani fundi alikuwa na haraka. Ametoka na uso wa mbuzi aliyeonewa. Sasa zunguka nyuma uone: tofali tupu, vumbi, kamba za kuanikia, na jiko la nje. Jiko la ndani lipo, lina makabati ya kung'aa, lakini halipikiwi. Mkurugenzi anasema litashika harufu. Kwa hiyo dada yangu miaka yote hiyo anashuka na sufuria, anapanda na sufuria, kwenye ngazi zilizojengwa kwa tofali zilizobaki, moja ndefu, nyingine fupi, na hakuna hata pa kushika.

Halafu macho yakaanza kumsumbua. Mchana hana shida, hata uzi ananitungia kwenye sindano. Jua likizama, yeye giza linamwingia kabla ya watu wote. Daktari wa macho alimwambia bila kumung'unya maneno: mama, usitembee gizani, utaumia. Na alishaumia. Aliteleza pale ngazini na sufuria ya supu, mguu ukababuka, na mimi ndiye niliyesikia ukelele nikaruka ukuta na ujana wenyewe sina. Aliponyanyuka alimwomba mumewe kitu kimoja tu. Si gauni wala safari. Taa pale ngazini, maana balbu iliyokuwepo mvua ilishaiharibu.

"Utazoea, mama," Mkurugenzi akamjibu, anakata nyasi zake. "Macho huzoea."

Nilitamani kumzibua kofi. Dada akanikonyeza ninyamaze, nikameza.

Taa ilikuja kuzungumzwa kwa sababu nyingine kabisa. Daktari wa meno anayeishi ng'ambo ya barabara aliweka taa bustanini kwake. Jioni moja miti yake ikawaka kwa chini, laini, kama ya hotelini, na watu wakawa wanapunguza mwendo wakipita hapo. Mkurugenzi alisimama dirishani akainua pazia, akalishusha, akaliinua tena. Chakula kikapoa mezani. "Jitu la kung'oa meno," alikuwa anasema peke yake, "linajua nini kuhusu miti?" Kesho yake akapiga simu kumwita mtaalamu.

Nasema mtaalamu kwa sababu ukimwita fundi umeme anakurekebisha. Alikuwa kijana mtanashati, buti limepigwa kiwi, fulana ya kampuni imenyooka, na alizungumzia mwanga kama anazungumzia mchumba. Ukuta haumulikwi, "unaoshwa." Mti hauwekewi taa, "unaamshwa." Alikuja jua linazama, maana alisema bustani ya usiku haipangwi mchana. Mkono mmoja alishika tochi kali, mwingine fungu la vijiti vyenye vitambaa vyekundu: anamulika, anatazama, anachomeka kijiti pale taa itakapokaa. Hilo lilinipendeza, hata mimi kitambaa nakichoma pini kabla ya kukigusa na mkasi. Akatueleza kuwa taa hizi ni za umeme mdogo. Kuna transfoma inafungwa ukutani, inaushusha umeme wa nyumbani mpaka volti kumi na mbili, waya unafukiwa juu juu tu kwenye udongo, na hata ukiugusa kwa bahati mbaya haukurushi.

"Sasa, mzee," akasema, "twende kwa utaratibu. Nipeleke pale unapopenda kukaa jioni na familia. Tutaitazama bustani kutoka hapo."

Mkurugenzi akatangulia mbele, mikono nyuma. Akapita kibarazani hakusimama. Akapita kwenye nyasi hakusimama. Akafungua geti, akatoka, akavuka barabara, akaenda kusimama mgongo umegusa geti la daktari wa meno.

"Hapa," akaita. "Kutoka hapa."

Mtaalamu alitazama mti, akamtazama mzee kule ng'ambo. Nilidhani atasema neno. Akasema, "Safi sana," akavuka kumfuata. Mimi na dada tukabaki kwenye nyasi kama vyombo vilivyosahauliwa mezani.

"Na giza likiingia, nani huwa anapita, na anapita wapi?" nikamsikia anauliza. Swali zuri, jamani. Swali la mtu aliyesoma.

"Watu wanapita," Mkurugenzi akajibu. "Hapa barabarani."

Basi wakaanza kupanga, huyu anaelekeza kutoka ng'ambo kama mwamuzi, yule anakimbia na vijiti. Mti wa mapambo ukapata kijiti chake, nguzo zikapata, ukuta, njia ya geti, simba wa kulia. Dada alikuwa anavifuata kwa macho kimoja kimoja. Fungu likawa jembamba mkononi mwa Mtaalamu, dada akajikaza, akasogea.

"Mwanangu, na ngazi zangu kule nyuma?"

Mtaalamu, nisimnyime haki yake, alizunguka mwenyewe. Alimulika tofali zile, akapiga mluzi mdogo, akachomeka kijiti pembeni ya ngazi. Kisha akamwambia Mkurugenzi kuwa hicho ndicho cha mwisho. "Transfoma ina tumbo lake, mzee. Ikishiba imeshiba. Ukilazimisha taa nyingine, zote zitafifia. Na ile balbu ya zamani nitaing'oa na kishikio chake, mwanga wa aina mbili unagombana."

Dada yangu alifurahi, nyie. Alifurahi kwa kijiti! Asubuhi akawa ananiita juu ya ukuta, "Mdogo wangu, njoo uone mche wangu ulivyoota," na siku moja nikamkuta anaumwagilia maji kwa utani, anacheka peke yake. Nilikuwa sijamwona akicheka vile tangu macho yaanze.

Wiki ya kufukia waya ilipofika, kijiti hakipo. Nikazunguka mbele moja kwa moja, na pini zangu bado kifuani. Nikakikuta kimesimama miguuni kwa yule simba mwenye uso wa mbuzi.

"Shemeji, hiki si cha dada?"

"Shem, usije na moto," akasema, anapangusa simba vumbi na leso yake. "Hebu fikiri kwa utulivu. Simba ni wawili. Mmoja awake, mwenzake awe gizani? Watu watasema nini?"

"Watasema afadhali. Huyu ukimmulika tutaulizwa anauzwa na maziwa yake?"

Akavimba. Akaniambia sanaa sielewi, mimi nishone mapazia. Nikamuuliza, na dada je? Akanijibu pasipo hata kuniangalia, "Dada yako ngazi zake anazijua. Atazoea."

Nikamgeukia Mtaalamu aliyekuwa ameinama na koleo. Naye akainua mabega. "Mama, mwenye nyumba ndiye anayeamua," akasema, akafukia waya. Elimu yote ile ya kuosha kuta na kuamsha miti! Mtu anajua mwanga utaanguka wapi kwenye jani, hajui utahitajika wapi kwenye nyumba. Au anajua, na ndiyo mbaya zaidi. Dada yeye alikwenda kukisawazisha kile kitundu cha kijiti kwa kisigino, akaendelea kuanika nguo.

Uzinduzi ukapangwa. Ndiyo, uzinduzi. Viti vikatolewa sebuleni, vile ambavyo sisi ndugu haturuhusiwi hata kuvikaribia, vikapangwa nje ya geti, ng'ambo ya barabara, vimetazama nyumba. Daktari wa meno alikuja na mkewe, wamekaa mstari wa mbele, nadhani hata yeye hakuelewa kwa nini kaitwa kukaa mlangoni kwake mwenyewe. Majirani wakajaa. Mkurugenzi amevaa suti, akatoa hotuba. Aliongea juu ya "maono." Nilikuwa nimekalishwa kati ya wageni, nimeambiwa nitulie.

Taa zikawaka, na sitadanganya, zilikuwa nzuri. Mti ule ukasimama kama umezaliwa upya. Ukuta ukalainika. Nguzo zisizobeba kitu zikaonekana zimebeba kitu. Watu wakasema "Aaah!" na mimi nikasema "Aaah!" pamoja nao. Hata simba wa kushoto alikaribia kuwa simba.

Mkurugenzi akapiga makofi. "Mama! Lete chai!"

Alitaka atokee mlango wa mbele na sinia, ashuke katikati ya taa, watu wamwone. Alishalipanga hilo. Kilichomtoka akilini ni kwamba chai haipikwi mlango wa mbele. Dada alikuwa amesimama kibarazani anatazama taa kama sisi wote, macho yamejaa mwanga, akageuka, akapita ndani, akafungua mlango wa nyuma. Mtu mwenye macho mazima akitoka kwenye mwanga ule kuingia kwenye giza lile haoni vidole vyake. Sembuse yeye.

Tulisikia kishindo, kisha birika likibiringika.

"Nini hicho?" mke wa daktari akauliza.

"Vyombo tu," Mkurugenzi akasema, anatabasamu. "Msijali."

Vyombo tu! Mimi nilishapiga kiti teke, niko mbio. Nyuma kulikuwa giza totoro, nikamtafuta dada kwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ndogo, inasema, "Niko hapa, mdogo wangu, usije ukanikanyaga." Nikapapasa nikamshika bega. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala vibaya. Mkurugenzi akafika anahema, anapiga kelele nani ana tochi, nani ana tochi, mtu mwenye bustani inayoonekana mpaka barabara kuu! Daktari wa meno ndiye aliyemulika kwa simu. Tukamtoa kwa mbele maana gari lilikuwa huko, tukampitisha kati ya simba wawili wanaowaka, mkono ameukumbatia, na uso wake wote unaonekana, kila mkunjo wa maumivu. Ilikuwa mara ya kwanza zile taa kumfaa.

Mkono ulikuwa umevunjika. Wakamfunga, na nikiwa na hasira zangu nikasema angalau kitu kimoja cha nyuma ya nyumba ile kimepata plasta. Dada hakucheka. Mkurugenzi alikaa pembeni ya kitanda anamwambia, "Pole, mama. Bahati mbaya tu." Bahati mbaya! Kama vile bahati ndiyo iliyokwenda kung'oa kijiti. Dada akageuka ukutani.

Aliporudi nyumbani hakuniita tena juu ya ukuta, nikaanza kuogopa kuwa amekata tamaa. Halafu mchana mmoja, Mkurugenzi kaenda kwa kinyozi, nikasikia naitwa juu ya ukuta.

"Mdogo wangu, njoo unisaidie kuhama."

"Unahamia wapi, dada?"

"Mbele."

Tukahama. Nilibeba jiko, nikalitua katikati ya zile nyasi za kukatwa kwa mkasi, chini ya mti ulioamshwa. Nikabeba masufuria yenye masizi, beseni, ndoo, kinu, gunia la mkaa. Dada kwa mkono wake mmoja akafunga kamba ya nguo kutoka nguzo hii mpaka nguzo ile, akaanika fulana za ndani za Mkurugenzi, zile zenye matundu. Hatimaye nguzo zikapata kazi. Ndoo ya maganda tukaiweka kichwani kwa simba wa kushoto, na ilimkaa. Jua likazama, taa zikawaka zenyewe kama zilivyotegeshwa, na jikoni kwa dada yangu kukang'aa kama jukwaani. Alikatakata vitunguu bila kupapasa. Majirani walianza kusimama. Daktari wa meno na mkewe wakatoa viti vyao, wakakaa.

Mkurugenzi akatokea na kichwa kinachometa mafuta. Alipoona fulana zake, aligeuka kwanza kutazama barabarani.

"Mama," akanong'ona, anapita kando kando ya ukuta kama mwizi. "Mama, watu wanaona."

"Si ndiyo maana uliweka taa?" Dada hakunong'ona.

"Nakuomba rudisha vitu nyuma. Tutaongea ndani."

"Nitarudi, baba. Siku nikiziona ngazi, nitarudi siku hiyo hiyo."

"Lakini transfoma imejaa! Ulimsikia mtaalamu. Haiongezwi hata moja."

"Basi usiongeze." Akaonyesha kisu getini. "Una simba wawili. Mimi ni mmoja tu, ukaona sistahili taa. Chagua tena."

Shemeji yangu alitazama nyumba, akatazama barabara. Nilimwona anahesabu macho ya watu. Halafu akavua koti, na mimi kwa mazoea nikaangalia shati; safari hii lilikuwa na mgongo, ila halikupigwa pasi. Akapiga magoti mbele ya simba mwenye uso wa mbuzi, akafukua kwa vidole. Alikumbuka kwamba umeme ule haurushi. Akang'oa taa, simba akazama gizani na ndoo yake kichwani, na Mkurugenzi akachukua taa ile na waya aliouacha Mtaalamu, akazunguka nyuma ya nyumba yake anauburuza.

Kwanza hatukusikia kitu. Kisha likaja pigo, ukelele, na tofali linaviringika. Tukasikia anatukana, anapapasa, anagonga kitu kingine. Halafu sauti ikapanda juu ya paa mpaka barabarani, wala haikuwa ile ya tumboni.

"Mama! Mama watoto! Leteni tochi! Sioni kitu huku! Sioni kabisa!"

Nilinyanyuka nikachukue simu yangu. Dada akanishika gauni. Alipumua, akaweka mwiko pembeni, akageuza uso kuelekea nyuma ya nyumba, na kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia akamjibu:

"Utazoea, baba. Macho huzoea."

Mke wa daktari wa meno alicheka peke yake, akaziba mdomo. Dada hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kwa taa zile kila mtu aliyaona, wala hakuyaficha. Akaupakata ule mkono wa plasta, akaniambia nimfungulie kopo la chumvi, maana kwa mkono mmoja haliwezi.